Joto si halijoto: neno lililomponza mpwa wangu katika kemia

JUMAMOSI iliyopita mpwa wangu aliye kidato cha nne alinijia na karatasi ya kemia aliyoikunja mara nne, kama mtu afichaye barua. Swali la saba lilikuwa na alama sita. Yeye alikuwa ameambulia moja.

"Mjomba," akaniambia hata kabla ya kuketi, "hii kemia nimeamua niachane nayo tu. Mimi si mtu wa hesabu."

Mamake, ambaye ni dadangu mkubwa, alikuwa ameshanipigia simu kunisihi nisimkemee. Binti huyu tangu utotoni anataka kusomea uuguzi, na anayetaka uuguzi kisha akaitupa kemia amejifungia mlango kwa mikono yake mwenyewe. Basi nikamwekea chai, nikaikunjua ile karatasi.

Mimi si mwalimu wa kemia. Kazi yangu ni lugha, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba nikitoka nje ya lugha huwa nanyata. Lakini nilipoipitia kazi ya mpwa wangu mstari kwa mstari, niligundua jambo lililonishangaza: hesabu yake haikuwa na kosa. Alizidisha sawasawa na kugawanya sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye neno moja la Kiswahili.

Swali lenyewe, nikilifasiri, lilikuwa hivi. Kipande cha metali chenye uzito wa gramu 150 kilipashwa moto hadi nyuzi 100 za Selsiasi, kisha kikatumbukizwa upesi ndani ya gramu 100 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Maji yakakorogwa, na kipimajoto kikatulia kwenye nyuzi 30. Mwanafunzi atafute joto mahususi la metali hiyo, akijua kwamba joto mahususi la maji ni jouli 4.2. Chombo kisihesabiwe.

Kabla hatujaenda mbali, nieleze hili joto mahususi ni kitu gani. Ni kiasi cha nishati, kinachopimwa kwa jouli, kinachohitajika kupandisha gramu moja ya kitu fulani kwa nyuzi moja tu. Maji yanadai jouli 4.2. Alumini, ile ya sufuria zetu, inadai karibu jouli 0.9. Chuma kinadai kama 0.45, na shaba 0.39. Yaani maji ni mkaidi wa kupata moto na mkaidi wa kupoa, ilhali metali nyingi hukubali upesi na kuacha upesi. Ndiyo maana mchanga wa ufuo wa Mombasa saa saba mchana unaunguza nyayo, lakini ukipiga hatua chache tu ukaingia baharini unakuta maji ni vuguvugu. Jua ni lilelile moja.

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Juu ya ukurasa alikuwa ameandika kwa Kiswahili maneno ambayo mwalimu wake aliyatamka darasani kuwasaidia: "Joto lililopotea ni sawa na joto lililopatikana." Maneno hayo ni kweli tupu. Ndiyo sheria yenyewe. Chini yake akaandika kwamba maji yametoka nyuzi 20 hadi 30, kwa hivyo yamepata 10. Mstari uliofuata akaandika kwamba metali nayo imepoteza 10. Akatia nambari zake mahali pake, akapata jouli 2.8.

"Hii 10 ya metali umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Si ni sawa, Mjomba? Joto lililopotea ni sawa na joto lililopatikana. Mwalimu alisema hivyo."

Hapo ndipo nilipoona mahali kisu kilipomkata. Hakuwa mzembe. Aliitii sheria kama alivyoisikia. Mwalimu aliposema "joto" alimaanisha jouli, yaani wingi wa nishati inayohama. Mwanafunzi aliposikia "joto" akafikiri nyuzi. Na ni nani wa kumlaumu? Kila jioni mtangazaji wa hali ya hewa humwambia kwamba joto la Nairobi kesho litakuwa nyuzi 25. Mdogo wake akiugua, mama humpima joto. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, joto ni zile nyuzi zinazosomwa kwenye kipimajoto. Kisha siku moja katika maabara neno lilelile linageuka kuwa kitu kingine kabisa, na hakuna anayemwambia kwamba limegeuka.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Tuna joto, ambalo lina undugu na kuota kwa maana ya kuota moto au kuota jua. Tuna hari, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, na ambayo kwa wengi ni jasho pia. Tuna fukuto, vuguvugu na harara. Na kwa kile kinachosomwa kwenye kipimajoto tuna neno zuri sana, halijoto, yaani hali ya joto. Wenzetu wa Tanzania wana jotoridi pia, lililoungwa kwa joto na baridi. Maneno yapo. Tatizo ni kwamba tumeyaweka kabatini, tunayatoa siku ya mtihani wa Kiswahili.

Tena sarufi yenyewe inatusaidia kuyatenganisha. Joto huchukua LI: joto linahama, joto linatoka, joto limeingia. Halijoto hufuata upatanisho wa hali, nayo huchukua I: halijoto imepanda, halijoto imeshuka. Nilimwomba mpwa wangu aandike sentensi mbili na asizichanganye kamwe. Ya kwanza, joto limetoka kwenye metali likaingia majini. Ya pili, halijoto ya maji imepanda na halijoto ya metali imeshuka. Jambo la kwanza ni moja tu: joto ni lilelile lililotoka upande huu likaingia upande ule, ndiyo maana linalingana. Jambo la pili ni mawili tofauti, na hakuna sheria yoyote duniani inayosema lazima yalingane.

Akaniangalia kama ambaye hajashawishika. Nikamwuliza swali la jikoni. Kuna kikombe cha chai chenye nyuzi 80, na kuna karai la maji ya kuoga, lita 15, lenye nyuzi 40. Vyote vilianza vikiwa na nyuzi 20. Ni kipi kilichokula makaa mengi?

"Karai," akajibu mara moja, na kucheka. Mtoto yeyote aliyewahi kuchochea jiko anajua.

Tulikokotoa. Chai ni kama gramu 200, imepanda nyuzi 60: mara 4.2 unapata jouli 50,400. Karai ni gramu 15,000, limepanda nyuzi 20 pekee: unapata jouli 1,260,000. Karai limemeza joto mara 25 zaidi ya kikombe, na bado ukitia mkono hutaungua. Halijoto ya kikombe iko juu, joto la karai ni jingi. Ukishaliona hilo kwa macho ya mwenye kununua makaa, hutalisahau.

Kanuni ambayo wanafunzi huikariri inasema: joto ni sawa na uzito, mara joto mahususi, mara badiliko la halijoto. (Wanafizikia watanisamehe kwa kusema uzito. Namaanisha kile kipimwacho kwa gramu, ambacho vitabu vingine hukiita tungamo.) Mimi naiona kanuni hii kama sentensi, na kama sentensi yoyote inahitaji mtenda. Uzito wa nani? Joto mahususi la nani? Halijoto ya nani ndiyo iliyobadilika? Mtu akiandika uzito wa maji, akatia joto mahususi la metali, akamalizia kwa badiliko la halijoto la sijui nani, amesema kama mtu asemaye "mimi tunakwenda". Upatanisho umevunjika.

Kiswahili kina hata kitenzi cha kubeba jambo hili. Tunasema kupasha moto, na pasha ni kufanya kitu kipate. Mmoja anapasha, mwingine anapata. Katika swali letu metali ndiyo iliyopasha na maji ndiyo yaliyopata. Hakuna baridi iliyoingia kwenye metali, ingawa sote tunasema "funga mlango, baridi inaingia". Ni joto linalotoka nje. Mlangoni usemi huo hauna madhara, ila kwenye karatasi ya kemia unaweza kumfanya mtu ahesabu safari mbili pahali penye moja.

Basi mpwa wangu akaanza upya. Waliopata ni maji: gramu 100, mara 4.2, mara 10. Jouli 4,200. Hapo hakuna kisichojulikana, na ndiyo sababu ya kuanzia hapo. Nimeona wanafunzi wakianzia upande wenye fumbo, wakazama katika herufi.

Aliyepasha ni metali: gramu 150, mara joto mahususi tusilolijua, mara badiliko la halijoto ya metali yenyewe. Metali ilianza kwa nyuzi 100. Iliishia wapi?

Alisita. "Swali halijasema metali iliishia wapi."

Limesema. Metali imo ndani ya maji, na kipimajoto kimetulia. Kutulia huko maana yake ni kwamba hakuna tena anayempasha mwenzake. Wote wamefikia halijoto moja, nyuzi 30. Hii ndiyo sentensi ambayo maswali ya aina hii huificha kila mara, na mwalimu mzuri huifichua mapema. Walianza mahali tofauti, wakaishia mahali pamoja. Kwa hivyo metali imeshuka kutoka 100 hadi 30, yaani nyuzi 70.

Mia na hamsini mara 70 ni 10,500. Jouli 4,200 ukizigawa kwa 10,500 unapata 0.4. Jirani kabisa wa shaba.

"Kwa hivyo ile 2.8 yangu..."

Ile 2.8 ingeweza kumshtua hata kabla ya mwalimu kushika kalamu nyekundu. Metali tunazozishika kila siku, chuma, shaba, alumini, zote ziko chini ya jouli 1. Anayepata 2.8 amegundua metali ya ajabu au amekosea, na uwezekano wa pili ni mkubwa kidogo. Mitihani yetu haimfunzi mwanafunzi kulikagua jibu kwa jicho la mtu anayeishi duniani. Anaandika, anapiga mistari miwili chini ya jibu, anakwenda swali linalofuata.

Najua kuna msomaji anayesema: huoni basi? Kiswahili ndicho kilichomponza. Mwalimu angebaki na Kiingereza chake binti asingechanganyikiwa. Hoja hii nimeisikia katika makongamano tangu nikiwa kijana, na naona haina miguu. Waingereza na Waskoti wenyewe waliishi na mkanganyiko uohuo kwa miaka mingi, wakiwa na vipimajoto mikononi. Aliyewatenganishia mambo haya hasa ni Joseph Black, aliyefundisha Glasgow miaka ya 1760 kabla ya kuhamia Edinburgh. Wakati huo ilidhaniwa kwamba joto hugawanyika kwa kufuata ukubwa wa kitu, au uzito wake. Black akawatolea wanafunzi wake mfano wa zebaki na maji. Chukua zebaki yenye nyuzi 150 na maji ya ujazo uleule yenye nyuzi 100, uvichanganye. Kama dhana ile ingekuwa kweli, mchanganyiko ungetua katikati, kwenye 125. Lakini, akasema, utatua kwenye 120. Zebaki imeshuka nyuzi 30, maji yamepanda 20 tu.

Tazama vizuri: 30 na 20. Ni lile fumbo la mpwa wangu, 70 na 10, miaka zaidi ya 250 iliyopita. Black alihitimisha kwamba joto lililoiacha zebaki ndilo hilohilo lililoingia kwenye maji, na kama nyuzi hazikulingana basi wingi wa joto na ukali wa joto ni vitu viwili. (Ukikokotoa kwa vipimo vya leo unapata karibu 116, si 120, lakini hoja yake haitikisiki, inazidi kupata nguvu.) Cha ajabu ni kwamba zebaki ni nzito kuliko maji mara zaidi ya 13, na bado maji ndiyo yaliyoshinda. Black hakuwa mtu wa kukimbilia kuchapisha. Mihadhara yake ilitolewa kama kitabu mwaka 1803, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Kwa hivyo si lugha fulani iliyo na akili ya sayansi na nyingine isiyo nayo. Kila lugha ilianza na neno moja la mtaani linalobeba mizigo miwili, na ikabidi mtu aketi aitenganishe. Lawama zangu naziweka kwetu sisi watu wa Kiswahili. Tumeziunda istilahi, tumezichapisha, tumepongezana, kisha tumeliacha neno halijoto lisikike kwa nadra hata kwenye taarifa ya hali ya hewa, mahali ambapo lingekuwa nyumbani.

Kuna mtego mwingine nitautaja kwa haraka. Vitabu vingine hupima kwa kelvini badala ya nyuzi za Selsiasi, na mwanafunzi aliyekariri "ongeza 273" huiongeza hata kwenye badiliko. Kupanda kwa nyuzi 10 ni kupanda kwa kelvini 10. Unapotoa, zile 273 zinajifuta zenyewe.

Na kuhusu "chombo kisihesabiwe": huo ni ukarimu wa mtunga swali, maana jikoni chombo kinahesabiwa. Chemsha lita mbili za maji hapa Nairobi, ambako kwa ajili ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kutoka nyuzi 20 maji yatataka jouli 621,600. Sufuria ya alumini ya nusu kilo itadai 33,300 zake. Si nyingi, ila ni za kulipiwa. Joto linalopotelea hewani kandokando ya jiko ndilo jingi, na ndiyo sababu mwanafunzi anayechoma ethanoli chini ya kopo la maji hupata jibu dogo mno kuliko la kitabuni.

Nilimwachia mpwa wangu swali moja la kwenda nalo nyumbani, lile ambalo wanafunzi wa kidato cha nne hukutana nalo maabara. Sentimita 50 za ujazo za asidi hidrokloriki ya mola 1 zimemiminwa kwenye 50 za hidroksidi ya sodiamu ya mola 1. Halijoto imepanda kwa nyuzi 6.8. Joto mahususi la mchanganyiko lichukuliwe kuwa kama la maji, na kila sentimita ya ujazo iwe gramu 1. Tafuta nishati inayotolewa kwa kila moli ya maji inayoundwa.

Hapa anayepasha haonekani kwa macho. Hakuna kipande cha metali. Anayepasha ni mmenyuko wenyewe, asidi na alkali zinapokutana, na kipimajoto hakimpimi yeye, kinampima aliyepata. Ndiyo maana jibu la mwisho huwekewa alama ya kutoa. Maji yamepata, mmenyuko umepoteza.

Jumapili usiku akanitumia picha ya kazi yake kwa simu. Alikuwa na gramu 50, mara 4.2, mara 6.8, jouli 1,428. Zikagawanywa kwa moli 0.05, na jibu likawa jouli 28,560 kwa moli, na alama ya kutoa ameiweka mahali pake. Mpangilio wa kupendeza. Jibu linalotakiwa ni kama 57,000.

Nikamwandikia: "Halijoto ya nani imepanda?"

Kimya. Kisha nikaona kwamba anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Aii, Mjomba. Ya zote mbili. Ni gramu 100."

Dakika tatu baadaye ikaja picha nyingine: 2,856, na chini yake 57,120, na mistari miwili ya kalamu ya bluu.